Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Kaka yangu alimfukuza mtani wa baba kwenye msiba wa baba mwenyewe, mbele ya watu, kwa adabu kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kanga begani nikitazama. Nasema kwa adabu kwa sababu hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angemfokea ningeelewa. Yeye alimshika mzee wa watu mkono, akamwongoza taratibu mpaka barabarani, akaita bodaboda, akamwambia dereva amfikishe salama. Kisha akarudi kupanga mikeka.

Mzee alikuwa amekuja kufanya kazi yake. Alikuwa amevaa koti la kaki la baba, amelivaa ndani nje, amejitwika sufuria kichwani, na anatembea mwendo wa baba: mkono mmoja kiunoni, mguu wa kushoto unachelewa kidogo. Wanawake wa kijijini kwetu Kibuta walikuwa wameshaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na ndivyo inavyotakiwa. Wageni wa kaka kutoka mjini walikuwa wametoa macho. Hazikupita dakika tano. Kaka akamwambia, "Mzee wangu, tunashukuru umefika, lakini hapa si mahali pa maigizo."

Kwa asiyejua, sisi Wazaramo tuna utani na Wanyamwezi, na mzee huyo ni Mnyamwezi. Utani wa siku za kawaida ni wa maneno tu. Huyu anamwita mwenzake mpagazi, yule anajibu kwamba Mzaramo atauza shamba aende ngomani. Lakini kwenye msiba utani ni kazi. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea anavyotembea, anasema yale ambayo ndugu wanaogopa kuyasema. Anaweza kulala kaburini na asitoke mpaka wafiwa wenyewe wamnyanyue. Wanaolia wanacheka, wanaonung'unikiana chinichini wanasemwa hadharani, na hakuna mwenye haki ya kumkasirikia. Ndivyo tulivyozika watu wetu.

Na baba ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Alilima mihogo na mikorosho, lakini kipaji chake kilionekana kwenye misiba ya watani. Mke wa mzee huyu alipofariki, huko kwao Pangani, Pangani yetu ya Kibaha, baba alinichukua tukaenda. Nilikuwa kidato cha pili. Alivaa kitenge cha marehemu, akachechemea kama yeye, akaingia jikoni akafunua sufuria moja moja, akaonja, akakunja uso, akawauliza akina mama kama chumvi wameificha waende nayo kwao. Halafu akamfuata mzee, ambaye alikuwa na siku mbili hajatia kitu mdomoni, akasimama mbele yake mikono kiunoni, akamwuliza kwa sauti ileile ya mkewe: "Wewe huli, unangoja nifufuke nikupikie?" Mzee alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kisha akalia. Kisha akala.

Nimekaa vyuoni miaka mingi nikisomeshwa uigizaji na watu walioujua kwenye vitabu, na sasa ninaufundisha mwenyewe, lakini sijaona tena mwigizaji wa kiwango kile. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemzika kimya, kwa ratiba iliyochapwa, huku mtu pekee aliyestahili kumwiga yuko juu ya bodaboda anarudishwa kwake.

Usiku wa hitima nilimwambia kaka kwamba amemzika baba kama mgeni. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi Kisarawe mjini, na miaka ya karibuni amejifunza dini kwa bidii. Aliniambia wageni wake wengine ni watu wa elimu, mambo yale hayana msingi, na yeye ndiye atakayeulizwa. Nikamwambia baba aliyafanya maisha yake yote na alikuwa anaswali swala tano. Akasema, "Dada, wewe umefika siku ya kuzika." Nikamjibu kwamba nina kazi, kama watu wengine wote wenye kazi, nikabeba mkoba wangu. Nilikuwa na hasira ambayo haikunipa hata nafasi ya kuaga shangazi zangu.

Nilirudi nayo Kibaha ninakofundisha, nikaenda nayo darasani. Kila muhula wa pili chuo chetu kinaandaa siku ya sanaa ukumbini, na mimi ndiye ninayeiandaa. Miaka yote huwa ni ngoma mbili, kwaya, shairi la kuisifu elimu, na igizo la binti aliyepata mimba. Mwaka ule nikasema hapana. Nikasema tutafanya mchezo wa kuimbwa mwanzo mwisho, na mchezo wenyewe utakuwa msiba.

Sikutaka jukwaa wala kinanda. Watazamaji wangevua viatu mlangoni na kukaa chini kwenye mikeka, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na mchezo ungefanyika katikati yao. Muziki ungetoka kwenye vitu vya msibani: jembe likikwaruza sakafu, mifuniko ya masufuria, visu vikikata vitunguu juu ya mbao, mchanga ukipepetwa kwenye ungo. Maneno mengi tuliyatoa kwenye yale matangazo ya kamati za mazishi yanayotumwa kwenye simu. Wanafunzi thelathini na ushei walikaa wiki nzima wakiimba "Maturubai yamefika, viti bado, aliyechukua ufunguo wa stoo aurudishe" kwa sauti nne. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaanza kusikia kwamba kuna huzuni humo.

Na katikati niliacha nafasi tupu ya mtani. Hakuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa. Kwaya niliipa sheria moja: neno lolote atakalolitupa mtani, mnalidaka, mnaliimba, mnalipandisha na kulishusha mnavyojua, na hamliachi mpaka atupe jingine. Hata akitupa neno la kipuuzi. Hata likiwaumiza. Hata mimi nikiwapungia mkono, hamliachi. Nilijiona nimevumbua kitu kikubwa.

Makamu mkuu wa chuo aliniita ofisini kwake. Alikuwa na maelezo yangu ya ukurasa mmoja mbele yake, ameyapigia mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, mchezo huu unaelimisha nini?"

Nikamwambia unahusu namna tunavyoagana.

"Ujumbe wake lakini. Mgeni rasmi atauliza ujumbe ni upi."

"Atauona."

"Na hili la kukaa chini. Mgeni rasmi akae chini?"

"Msibani watu hukaa chini."

Akaniambia kwa huruma ya kweli kwamba mgeni rasmi ana presha, mambo ya makaburi yanaweza kumsumbua, na kama haiwezekani kuubadilisha uwe wa harusi basi angalau mwishoni tuweke wimbo wa kumshukuru. Nilitoka ofisini mle bila kufunga mlango. Nchi hii nzima, kila kitu tunachokitengeneza kwa jasho lazima kiitwe burudani, kiwekwe kati ya hotuba na hotuba, kisizidi dakika kumi, na kimshukuru mtu aliyechelewa kufika. Niliupiga teke mlango wa stoo ya vifaa vya muziki, nikachechemea siku mbili, na wanafunzi wakawa na adabu ya kutoniuliza.

Jumapili nikaenda Pangani kumwona mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo, peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wazaramo mmekuja tena? Nilidhani mmenifukuza."

Nikamwomba radhi. Akaendelea kumenya. Nikamweleza mchezo, ukumbi, mikeka, kwaya, ile nafasi tupu. Nikamwambia ninataka aje aigize.

"Utani hauigizwi," alisema. "Utani una maiti. Maiti yenu iko wapi?"

"Baba."

"Baba yako mmeshamzika."

"Alizikwa bila wewe."

Hapo aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye suruali kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza kama atasema anachotaka. Nikamjibu aseme anachotaka. Akauliza kama sitakasirika, nikamwambia mtani hakasirikiwi, hilo alinifundisha baba mwenyewe.

"Na kaka yako atakuwepo?"

"Nitamkalisha mbele."

Akachekea puani. Nilidhani tumeelewana. Basi nikakaa kwenye kigoda na kumwaga yote niliyokuwa nayo juu ya kaka: anavyozungumza na simu kwa sauti ya mkutano, anavyolifuta gari lake kwa kitambaa kila anaposimama, alivyoandika ratiba ya mazishi yenye kipengele cha nasaha kwa wafiwa, kana kwamba wafiwa walikuwa kwenye semina. Nilimwiga mbele ya mzee, nikasimama kabisa nikaonyesha. Nilimwiga vizuri. Mzee alisikiliza yote, na mwishoni akauliza kitu kimoja tu, kana kwamba hajui: baba alipolala kitandani ile miezi minne, kaka alikuwepo? Nikamjibu ndiyo, alikuwepo, waliishi nyumba moja, lakini si hilo nililomfuatia.

"Haya," alisema. "Nitakuja."

Nikamtajia siku za mazoezi. Akaokota kisu chake.

"Mazoezi ya nini? Baba yako alifanya mazoezi ya kufa?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Nilipofika ukumbini saa tatu asubuhi nikakuta viti. Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa tepe za zambarau, safu tatu, na mbele kabisa meza yenye maua ya plastiki na chupa za maji. Mikeka yangu ilikuwa imeviringishwa na kusimamishwa ukutani. Nilivitoa viti vile kimoja baada ya kingine kwa mikono yangu, na wanafunzi wakaja kunisaidia bila kuambiwa. Makamu akatokea. Tulibishana mbele ya wanafunzi, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulifanya, na tukaishia kwenye kiti kimoja, cha mgeni rasmi, pembeni, bila meza.

Mchezo ulikuwa uanze saa nane. Saa tisa mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa tisa na nusu alikuwa njiani vilevile. Shangazi zangu wa Kibuta, niliowatafutia usafiri, walikuwa wamekaa kwenye mikeka tangu saa saba, wameridhika kabisa, wanatafuna karanga. Wao walikuwa msibani na msibani watu hukaa. Kaka alifika kwa wakati, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilimpa mkono, nikampeleka mbele upande wa wanaume, nikamwonyesha pa kukaa. Akaniuliza mchezo unahusu nini. Nikamwambia, "Utaona."

Mgeni rasmi aliingia karibu saa kumi. Ukaanza utambulisho: meza kuu ambayo haipo ikatambulishwa, wajumbe wakasimama na kukaa, mshereheshaji akatangaza kwamba kabla ya hotuba tutapata burudani fupi kutoka kwa kikundi chetu cha burudani. Makamu akapita nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwalimu, dakika ishirini. Muda hautoshi." Mchezo wangu ulikuwa wa saa moja na robo.

Nilimtazama msichana aliyeshika jembe la kwanza, nikamwinamishia kichwa. Mshereheshaji alikuwa bado anamtambulisha mhasibu wa chuo. Jembe likaanza kukwaruza sakafu, kwaa, kwaa, taratibu, kisha la pili, kisha visu kwenye mbao, na mshereheshaji akapaza sauti, kisha akaishusha, kisha akazima kipaza sauti. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya kisirani. Yule mgeni rasmi, nimpe haki yake, alivua viatu mwenyewe akaenda kukaa kwenye mkeka na wanaume wengine.

Tulikwenda vizuri. Maturubai yalifika, viti bado. Kaburi tulilichora kwa chaki nyeupe katikati ya sakafu, mstatili tu, na wavulana wakalichimba kwa mdundo bila kuondoa hata chembe ya udongo. Watu walinyamaza kama wanavyonyamaza msibani kweli. Makamu alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa, halafu akaacha kuitazama.

Ndipo mlango mkubwa wa nyuma ukafunguliwa.

Alikuwa na koti lilelile, ndani nje. Safari hii hakuwa na sufuria. Alipiga hatua tatu, mkono kiunoni, mguu wa kushoto unachelewa, na upande wa wanawake shangazi yangu mkubwa akasema kwa sauti, "Jamani, huyo anakuja," kama mtu anayeona baba anarudi shambani. Mzee hakumtazama mtu. Alikwenda mpaka kwa mgeni rasmi, akamkagua vidole vya miguu, akauliza, "Nani kaniwekea mhogo mbichi hapa?" Kwaya ikadaka: nani kaniwekea, mhogo mbichi, nani kaniwekea. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko na mgeni rasmi akacheka kuliko wote.

Alimwiga baba kwa kila jambo. Baba akitawadha na kumaliza pipa la maji. Baba akibishana bei ya korosho na mnunuzi, akihamaki, akiondoka, akirudi kwa mlango mwingine kana kwamba ni mtu mpya. Kila neno lilidakwa, likaimbwa, likatupwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya kwaya, mikono hewani, ninaongoza, ninacheka na kulia, na kila mara ninatupa jicho kwa kaka ninangoja zamu yake ifike.

Ikafika. Mzee alijiviringisha kwenye mkeka akawa mgonjwa, kisha akainuka akawa kaka, anambeba baba mgongoni kumpeleka msalani. Alipinda mgongo, akahema. "Baba, kaa vizuri, utatuangusha." Na kwa sauti ya baba, kutoka mgongoni: "Mwanangu, mgongo wako mgumu. Ungekuwa unauza magodoro badala ya misumari." Akaifanya tena, usiku, alfajiri, tena usiku, na kila safari baba ana la kulaumu na kaka anajibu, "Haya, baba." Kwaya ikaimba haya baba, haya baba. Niligeuka kumtazama kaka. Alikuwa amefunika uso kwa kofia yake na mabega yanatikisika kwa kicheko, na wanaume waliomzunguka walikuwa wanampigapiga mgongoni, mgongo uleule.

Hasira zilinipanda. Siyo hilo nililokupa, nilikuwa ninamwambia mzee kwa macho. Lile gari liko wapi? Ile ratiba iko wapi? Nilikuletea mtu, umsulubu, na wewe unambembeleza.

Mzee akaingia ndani ya mstatili wa chaki, akalala chali. Akatoa kwenye mfuko wa koti simu ndogo, kitochi cha zamani, akakisogeza mbali na macho kama baba, akabonyeza namba moja moja huku midomo inazitaja. Akaweka sikioni. Akangoja.

"Haloo, mama." Akasikiliza. "Ee. Ee. Haya, mama. Haya." Akaishusha simu kifuani, akamgeukia mtu asiyekuwepo pembeni ya kitanda, na uso umejaa majivuno. "Yupo mazoezini," alisema.

Kwaya ikadaka.

Nilielewa kabla watu wengine hawajaelewa. Mtu asiyekuwepo pale pembeni alikuwa mzee mwenyewe. Ile miezi minne alikuwa anatoka Pangani kila wiki kwenda Kibuta kukaa na baba, na mimi, mwenye nyumba ya chuo, mwenye likizo, mwenye gari la rafiki la kuazima wakati wowote, nilikuwa ninaandaa siku ya sanaa ya mwaka uliotangulia. Baba alinipigia mara nyingi. Jibu langu lilikuwa hilohilo, nipo mazoezini, baba, nitakupigia, na kuna siku nililisema kwa kufoka kwa sababu msichana wa sauti ya kwanza alikuwa anapoteza ufunguo wa wimbo.

Alipiga tena. Safari ya pili alikuwa ananitetea. "Yupo mazoezini. Kazi yake ngumu ile, inataka utulivu." Ya tatu hakumgeukia mtu. Ya nne hakubonyeza namba zote. Alifika ya katikati akaacha, akaiweka simu kifuani, akayasema maneno yale mwenyewe kuiambia dari. Hakuna aliyekuwa anacheka upande wa wanawake. Shangazi yangu mkubwa alikuwa ananitazama.

Na kwaya ikaendelea. Niliifundisha mimi. Wasichana waliyapandisha maneno yale mpaka kwenye mabati, wavulana wakayashika chini, yupo mazoezini, yupo mazoezini, na visu vikaingia kwenye mbao, na nawaapia sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile ikitoka kwa wanafunzi wangu. Niliwapungia mkono waache. Hawakuacha. Msichana wa jembe alikuwa analia na anaimba, ananitazama, hakuacha. Mikono yangu ikarudi hewani yenyewe ikaendelea kuongoza.

Nilikuwa na hasira na mzee. Nilikuwa na hasira na kaka, ambaye alikuwa ameinua kichwa na ananitazama bila ushindi wowote usoni, na hilo likanichoma zaidi, ningelipenda ashinde. Nilikuwa na hasira na makamu, na viti vyake, na mgeni rasmi anayejifuta macho kwa tai. Nilizunguka nazo ukumbi mzima kwa macho nikitafuta mtu wa kumpa, na wote walikuwa wafiwa.

Mzee alikuwa bado amelala ndani ya chaki, simu sikioni, anangoja. Hakuwa na haraka. Nikakumbuka kwamba hawezi kutoka humo mpaka tumtoe, na kwamba kaka hatasogea, kwa sababu zamu hii si yake.

Nilishusha mikono nikatoka mbele ya kwaya. Ni hatua chache tu, na watu walivuta miguu yao nipite. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa mstatili. Kwa karibu koti lilikuwa na harufu ya nyumba yetu. Mzee alifungua jicho moja, akaniuliza kwa sauti ya baba, chini sana, hata safu ya kwanza haikusikia:

"Mazoezi yamekwisha, mama?"

Nikamwambia yamekwisha. Akanyoosha mkono nimnyanyue. Nikavuta, hakunyanyuka, alikuwa mzito, na ilinibidi nimpitishe mikono kwapani na kumkumbatia ndipo akasimama.